Kona ya Wazazi: Mtoto mwenye usonji naye atoke nje

 

Mtakumbuka kwamba mwezi wa pili tuliandika hapa juu ya mtoto anayechelewa kusoma. Karatasi ilipotoka, mama mmoja alitufuata darasani jioni, watoto wamekwisha kuondoka. Akasimama mlangoni kidogo, akaingia, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mumeandika ya watoto ya kuchelewa. Ya kwangu hamukuandika. Ya kwangu iko mu nyumba."

Mtoto wake ni wa kiume, ana miaka saba. Jina lake na bloku yake hatutaji, maana ya nyumbani kwa mtu ni ya kuheshimiwa. Mtoto huyo anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, mstari unatoka kitandani mpaka mlangoni, na hakosei. Nyimbo za redio anazijua zikianza tu. Lakini akisikia pikipiki anajipiga masikio kwa ngumi. Siku moja sokoni alilala chini akapiga kelele mpaka watu wakajaa. Mmoja akasema ana pepo. Mwingine akamwambia mama yake, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Tangu siku hiyo mama akaona basi, mtoto abaki nyumbani. Akienda pampu kuchota maji, anafunga mlango kwa waya. Usiku watu wakishalala ndipo anamtoa, wanazunguka nyumba mara mbili tatu, wanarudi ndani. Mwaka mmoja na miezi miwili, hivyo hivyo.

Tulimwuliza anataka tumsaidie nini. Tulidhani atasema shule. Akasema: "Nataka siku moja nitembee na yeye muchana, kama watu."

Hatukuandika habari hii mapema kwa sababu hatukutaka kuwafundisha jambo ambalo sisi wenyewe hatujalijaribu. Sasa tumelijaribu, tumekosea, na tumejifunza kidogo. Ndiyo tunawaletea mwezi huu.

USONJI NI NINI, KWA KIFUPI

Usonji, ambao wengine wanauita otizimu, si laana, si pepo, hauambukizi, wala hautoki kwenye malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tofauti na wa wengine tangu mwanzo. Chanjo hazileti usonji. Jambo hilo limechunguzwa sana katika nchi nyingi na halikuonekana kuwa kweli, kwa hiyo wapelekeni watoto wakachanjwe bila hofu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Pigeni hesabu wenyewe. Mkigawanya mtapata zaidi ya watu 390. Ni hesabu ya kukisia tu, lakini hata ukiikata nusu, watu ni wengi. Sasa wako wapi? Sokoni hatuwaoni. Kanisani na msikitini hatuwaoni. Tunafikiri wengi wako nyuma ya milango kama mtoto yule.

Kwa nini kutoka kunawashinda? Daktari Leo Kanner, aliyeandika juu ya watoto wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, aliona tangu siku zile kwamba sauti kubwa na vitu vinavyosogea viliwatia hofu. Mimi na wewe tukiwa sokoni, masikio yanasikia yote lakini ubongo unachuja. Unaacha mashine ya kusaga, unaacha redio, unaacha watoto wanaolia, unamsikia tu yule anayekutajia bei ya nyanya. Kwa watoto wengi wenye usonji kuchuja huko ni kugumu. Vyote vinaingia pamoja, kwa nguvu moja: sauti, harufu ya samaki, jua kwenye mabati, bega la mtu linalomgusa. Ni kama mtu akufungulie redio kumi ndani ya chumba kimoja halafu akuambie, tulia.

Wapo pia walio kinyume. Hao wanatafuta kuguswa, kuzunguka, kuruka, kusukuma, na wengine hata wakiumia hawalii. Hivyo mjue wa kwako yuko upande gani. Na wapo walio pande zote mbili, sauti inamwumiza lakini kubembea hachoki.

Neno moja la tahadhari: sisi si madaktari. Mtoto asiyeitika jina lake anaweza kuwa na shida ya kusikia tu. Mpelekeni kituo cha afya apimwe masikio kwanza, na mweleze mganga yote mnayoyaona nyumbani.

KOSA LETU

Mwezi wa tatu kulikuwa na sherehe moja kubwa uwanjani, ngoma, michezo, soda. Sisi kwa haraka yetu ya ujana tukamwambia mama, tutampeleka mtoto, akaone watu. Tukamtafutia shati safi la kola ngumu. Tukaenda naye saa nane mchana, wakati uwanja umejaa kabisa. Halafu, jamani, tukampitisha mpaka mbele ili aone vizuri. Mbele ndiko kulikuwa na spika.

Hazikufika dakika tatu. Alimwuma mmoja wetu mkono, akapita katikati ya miguu ya watu, akapotea. Tulimtafuta karibu nusu saa. Mama yake alikuwa akikimbia huku ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Tulimkuta nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye shimo walikofyatua matofali. Lilikuwa limejaa maji ya mvua. Alikuwa amechuchumaa ukingoni kabisa, anatupa vijiwe majini, ametulia kama hakuna lililotokea.

Watoto wengi wenye usonji hukimbia wakizidiwa, na wengi wao wanapenda maji. Tulijua hilo baadaye. Mama hakutugombeza. Ingekuwa nafuu angetugombeza.

DAFTARI LA KELELE

Baada ya hapo mmoja wetu akasema, sisi tumeishi humu miaka yote lakini hatujawahi kuisikiliza kambi. Tukachukua daftari, tukachora mistari: mahali, saa, kinachosikika, harufu, watu wengi au wachache, na kuna hatari gani karibu. Wiki mbili tukazunguka, asubuhi, mchana na jioni. Kumbe kambi haina kelele saa zote! Mahali pale pale panapomtesa mtoto saa kumi jioni, saa moja asubuhi pametulia. Hapa chini ni yale tuliyoyaandika. Kwenu yanaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo pimeni wenyewe.

Soko. Nendeni saa moja asubuhi, wauzaji wanapanga nyanya na dagaa, mashine za kusaga bado hazijawashwa. Mtoto anaweza kugusa, kunusa, kuhesabu. Siku ya mgao na siku mbili tatu zinazofuata, acheni, hapapitiki.

Uwanja wa mpira. Alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili, ni watu wachache wanaopita kwenda mashambani. Mtoto anayependa kukimbia akimbie mpaka achoke. Kuanzia saa tisa mchana vijana wanaingia na filimbi, hapo muwe mmekwisha kurudi.

Kanisani na msikitini. Ibada ya Jumapili ina kwaya, kinanda na spika, ni nzito mno kwa kuanzia. Lakini katikati ya wiki mchana jengo liko tupu. Ombeni ruhusa, aingie, ashike mabenchi, aguse ngoma, ajue mlango uko wapi. Msikitini ni hivyo hivyo, katikati ya sala moja na nyingine, ila angalieni saa ili adhana isimkute chini ya spika.

Chumba cha vitabu. Asubuhi watoto wengine wakiwa darasani ni kimya. Baadaye kinajaa.

Njia ya mashambani. Kwa sasa mahindi yamevunwa, kumebaki wazi, unasikia upepo tu. Kwetu sisi hapa ndipo pazuri kuliko pote. Ila pitieni kwanza ninyi wakubwa muangalie mashimo ya matofali na visima visivyofunikwa.

Sherehe. Msikose zote. Tamasha letu la Tumaini, lililoanza mwaka 2014, linaleta wanamuziki na wageni wengi kutoka nje ya kambi, na mtoto mwenye usonji naye ni mwenyeji. Tafuteni mahali pa mbali ambapo wewe na jirani mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Hicho ndicho kipimo chetu: ukilazimika kupaza sauti, sogea nyuma hatua hamsini, upime tena.

Msidhani ni mambo tuliyobuni sisi. Huko New York, tarehe 2 Oktoba 2011, mchezo wa The Lion King, ule wenye Simba na Rafiki, majina ya Kiswahili chetu, ulichezwa kwa ajili ya familia za watoto wenye usonji. Sauti za kushtua zilipunguzwa, taa kali zilipunguzwa, pakawekwa mahali pa utulivu, na familia zilielezwa mapema kitakachotokea. Uingereza nako, mwaka 2017, maduka mengi yalianza kutenga saa moja ya taa hafifu bila muziki. Wenzetu wana swichi ya kupunguza. Sisi swichi hatuna, lakini kuchagua saa tunaweza.

JINSI YA KUMTAYARISHA

1. Anzeni na dakika kumi. Pole pole ndio mwendo. Leo mpaka mti wa jirani, kesho mpaka njia panda. Msiongeze mpaka pale pa kwanza pamezoeleka.

2. Mwonyeshe kabla. Tunachora kwenye karatasi picha tatu: nyumba, soko, nyumba. Tunamwonyesha jana yake na asubuhi yake. Picha ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote, inamwambia kwamba kurudi kupo. Hata asiyeongea anaelewa. Usipokuwa na karatasi, chora chini kwa kijiti.

3. Ashibe kwanza, na avae nguo aliyoizoea. Shati letu la kola ngumu lilikuwa mateso kabla hata ya spika. Nguo ya zamani iliyolainika ni bora kuliko mpya inayowasha.

4. Masikio. Kofia ya sufu inayofunika masikio inasaidia, au kitenge kilichofungwa kichwani mara mbili. Msiingize pamba, karatasi wala kitu chochote ndani kabisa ya sikio. Kwa jua kali, kofia yenye ukingo.

5. Abebe kitu chake. Yule mtoto wetu anabeba vifuniko vitano vya chupa mfukoni. Wapo wanaotulia wakibeba kitu chenye uzito kidogo, kama kidumu kidogo chenye maji nusu. Kisiwe cha kumwumiza.

6. Muwe wakubwa wawili kama inawezekana. Mmoja ni wa mtoto tu, hasalimiani na watu, hanunui kitu. Mwingine ni wa watu na wa kununua. Mkiwa mmoja, siku hiyo usiende kununua, nenda kutembea.

7. Mwandikie. Kitambaa kidogo kishonwe ndani ya shati chenye bloku na namba ya simu ya mzazi. Ndani, si nje, ili asiyemjua asimwite kwa jina na kumchukua.

8. Rudini mapema. Hili tulilisahau sisi. Rudini akiwa bado anafurahi, msingoje alie. Akikumbuka kwamba pale palikuwa pazuri, kesho atakubali.

AKIZIDIWA

Kila mtoto ana dalili zake. Mmoja anaziba masikio, mwingine anavuma kama nyuki, mwingine anatembelea vidole au anakuvuta nguo. Ukiona dalili, ondokeni, hata kama nyanya hujalipia.

Akilipuka, jueni huo si ukorofi. Mtoto mkorofi analia huku anakutazama aone kama unalainika. Aliyezidiwa hakuoni kabisa. Ukimpiga unaongeza mzigo juu ya mzigo. Msimpigie kelele, msimshike uso mumwambie tazama hapa. Waondoeni watu, siyo mtoto, isipokuwa kama kuna hatari kama barabara au maji. Chuchumaa pembeni yake, upande wa watu, mgongo wako uwe ukuta wake. Ongea kidogo sana au nyamaza. Itapita. Mkifika nyumbani, mpeni kona yake yenye giza kidogo apumzike, mambo ya kumfundisha yangoje kesho.

KWENU MAJIRANI

Nusu ya kazi hii iko kwenu. Mtoto akilala chini sokoni, msikusanyike. Mkitaka kusaidia, muulizeni mama kwa neno moja: "Nikushikie mzigo?" Zimeni redio. Sogezeni pikipiki. Msiseme pepo, msiseme hakufunzwa, na simu zenu za kupiga picha ziacheni mfukoni. Mama yule alibaki ndani mwaka mzima kwa sababu ya sentensi moja ya sokoni. Methali ni nzuri, lakini ikimpiga mtu asiye na kosa inakuwa jiwe.

MASWALI MLIYOTUULIZA

Baba mmoja ameuliza: "Je, huku si kumdekeza? Sisi tulikua kwa kelele na tukazoea."

Papa, swali lako ni la haki. Mtoto mwingi anazoea. Huyu naye anaweza kuzoea mengi, lakini kwa ngazi, siyo kwa kutupwa juu. Mtoto mwenye mguu mbovu hatumwambii akimbie na wenzake ndipo apone. Na kucheza si zawadi ya mtoto mtulivu peke yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema kila mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Dada mwenye miaka kumi na miwili ameandika kwa mkono wake: "Kila siku mimi ndiye nabaki na mdogo wangu. Wenzangu hawanijii."

Mdogo wetu, asante kwa kutuandikia. Wazazi, soma hii mara mbili. Mtoto anayelea mwenzake naye ni mtoto. Mtafutieni siku yake moja kwa wiki ya kwenda kucheza bila mzigo. Na wewe dada, ukimleta mdogo wako darasani Jumatano mchana, sisi tutakaa naye, wewe uende na wenzako.

Mama mmoja: "Kwenye foleni nifanyeje? Kusimama masaa hatuwezi."

Usisubiri siku yenyewe. Mwone kiongozi wa bloku mapema, mweleze, uulize kama kuna utaratibu wa wenye mahitaji maalum. Ukiwa na karatasi yoyote ya kituo cha afya, ibebe. Ikishindikana, elewana na jirani mmoja mwaminifu: mmoja apange foleni, mwingine abaki na watoto wa nyumba zote mbili.

Na wengi mmeuliza: "Atapona?"

Usonji hauponi kama malaria inavyopona. Wanaowauzia dawa au mafuta ya kuuondoa wanawala pesa zenu bure. Lakini mtoto anajifunza, anakua, anaongeza mambo anayoyaweza. Wapo wenye usonji waliosoma, waliooa na kuolewa, wanaofanya kazi. Wapo pia watakaohitaji mtu maisha yao yote. Wote ni watoto wetu.

YULE MAMA NA MTOTO WAKE

Mnangoja tuwaambie mwisho wake. Bado haujafika mwisho, lakini hapa tulipo ni hivi.

Mara ya kwanza tulifika nyumba ya jirani tu, akarudi mbio. Mara ya pili tulifika mtini. Ya tatu alikataa hata kuvaa, tukaacha. Ya tano tulifika njia ya mashambani, akakaa kwenye nyasi karibu saa nzima anapanga vifuniko vyake, mama yake amekaa pembeni hasemi kitu. Halafu tukaanza soko, dakika tano, saa moja asubuhi, siku ya kwanza bila kununua.

Jumamosi iliyopita walikwenda wawili tu. Sisi tulikuwa nyuma, mbali kidogo. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu ya dada yake. Walifika kwa muuza samaki, yule yule aliyekuwepo siku ya kulala chini. Akawatazama, akaipunguza redio yake bila kuambiwa na mtu. Mama akanunua nyanya nne, mtoto akazihesabu kwa kidole. Wakati wa kurudi ikapita pikipiki. Tulishika roho. Mtoto aliziba masikio kwa mikono, akavuma, akasimama pale pale mpaka ikapita, halafu akashika tena kitenge cha mama yake. Wakaendelea.

Mama alitupita akasema tu, "Mumeona, walimu? Aksanti." Jua lilikuwa limekwisha kutoka.

Jumanne hii alikataa tena, wakabaki ndani. Ndivyo ilivyo, siku na siku.

Ila waya bado upo mlangoni. Mama anaufunga siku za mgao, kwa kuwa siku hizo majirani wote wako kwenye foleni na hana wa kumwachia. Hatulali vizuri tukifikiria mtoto amefungiwa ndani na jiko la mkaa liko pembeni. Na mama huyo si peke yake. Tangu tuanze kazi hii wamekuja wengine wanne, kila mmoja na mlango wake.

Kwa hiyo hatumalizi na neno la hekima, tunamaliza na ombi. Tunataka kufungua darasa letu siku za mgao kuanzia asubuhi mpaka saa nane, watoto hawa wakae pale kwa utulivu, bila redio, na mikeka tu. Chumba tunacho. Mikeka tunayo mitatu. Watu tuko watatu na hatutoshi, maana kila mtoto anahitaji mkubwa wake. Tunatafuta watu wazima wengine watatu, mama au papa, wenye subira, waliokwisha kupokea mgao wao au wenye mtu wa kuwapokelea. Kusoma si lazima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Njooni darasa la wadogo Jumatano yoyote baada ya saa nane mchana. Na wewe mzazi ambaye wa kwako hajaandikwa hapa, wewe unayemzungusha usiku, njoo pia. Mlango tutaufunga tukiongea, kama ulivyozoea.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika juu ya mtoto asiyetaka kula ila kitu kimoja tu. Mbakie salama.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, darasa la wadogo